Venye Meditesheni Inaeza Kufanya Ujue Unaota Ukiwa Bado Ndani ya Ndoto

Unakimbizwa na kanjo pale Muthurwa. Ukijicheki mkononi hauna kitu ya kuuza, lakini bado wanakufuata. Miguu imekuwa mizito ka mawe, unajaribu kupiga nduru na sauti haitoki. Alafu ghafla kitu inakuambia ndani ya kichwa: ngoja kwanza, mimi sina biashara Muthurwa. Hii ni ndoto. Na hauamki. Uko bado hapo, kanjo bado wako nyuma, lakini sai unajua hakuna mtu anaeza kukushika, na ukitaka unaeza geuka uwaulize wanataka nini.

Hiyo ndiyo inaitwa ndoto lusidi. Si lazima uruke kwa hewa ama ujenge gorofa na macho. Kitu moja tu inahitajika: ujue unaota ukiwa bado unaota. Kuna wasee wanajua wako ndotoni na hawaezi badilisha chochote, wanaangalia tu ka mtu ako sinema. Hiyo pia inahesabika.

Na si stori za jaba. Mwaka wa 2016 watafiti walikusanya tafiti za miaka 50 kuhusu hii mambo wakapata karibu 55% ya watu washawahi kuota hivyo angalau mara moja maishani, na karibu 23% huota hivyo mara moja kwa mwezi ama zaidi. Kwa hivyo ukiwa kwa mat ya watu 14, kuna uwezekano mkubwa nusu yao washawahi, ni vile tu hakuna mtu hubonga kuihusu.

Wengi mtaani waliskia hii maneno kwa ile filamu ya Inception ya 2010. (Zile sini za Mombasa hazikushutiwa Mombasa, usidanganywe. Zilishutiwa Tangier, Moroko. Usisumbuke kutafuta hiyo kona hapo Marikiti.) Filamu iko sawa kwa kubamba, lakini iliacha watu wakidhani unahitaji mashine na dawa ndio uingie. Hakuna. Kenye unahitaji ni usingizi wa kutosha na akili yenye imezoea kujiangalia. Hapo kwa kujiangalia ndipo meditesheni inaingilia.

Ilithibitishwa aje?

Kwa muda mrefu wanasayansi walikuwa wanasema hii ni uongo. Daktari wa akili wa Uholanzi, Frederik van Eeden, ndiye aliipatia hiyo jina la lusidi mwaka wa 1913 baada ya kuandika ndoto zake kwa miaka mingi. Lakini wengine walimwambia, kwa heshima, kwamba huenda alikuwa ameamka kidogo tu na hakujua. Utabishana aje na mtu kuhusu ndoto yake? Hakuna shahidi.

Jibu lilipatikana kwa macho. Ukiwa kwa ile hatua ya usingizi yenye ndoto kali hutokea, inayoitwa REM, ubongo unazima misuli karibu yote ya mwili. Ndio maana ukiota unapiga mtu ngumi, bibi yako halali akiumia. Lakini macho hayazimwi. Yanacheza huku na huku chini ya kope, na hivyo ndivyo Aserinsky na Kleitman wa Chicago waligundua hiyo hatua na kuiandika mwaka wa 1953.

Basi Aprili 1975, pale Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, msee mmoja anaitwa Keith Hearne akaelewana na Alan Worsley, mtu mwenye alikuwa na uzoefu wa hizi ndoto: ukifika ndani, na ujue uko ndani, zungusha macho kushoto kulia, kushoto kulia, vile tumekubaliana. Mashine zikawa zimefungwa kichwani. Worsley akazima kabisa, mashine zinaonyesha ni usingizi kamili wa REM, alafu pap, ishara ikaja. Ni ka msee amekutumia meseji kutoka ndotoni. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge akafanya hivyo hivyo Stanford, Marekani, bila kujua ya Hearne, na yeye ndiye alieneza hii sayansi dunia nzima.

Siku hizi wameenda mbali zaidi. Mwaka wa 2021 maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilichapisha kazi yenye walikuwa wanauliza watu maswali wakiwa ndotoni, na hao watu wanajibu. Mmoja aliulizwa 8 toa 6. Akajibu 2, kwa macho, akiwa amelala fofofo. Kuna watu wameamka kabisa hapa Nairobi hawawezi hiyo wakirudishiwa chenji na makanga.

Kwa nini hujui unaota?

Hapa ndipo stori yenyewe iko, so shika vizuri.

Fikiria ndoto zako. Shosho mwenye alikufa 2014 anakupikia chapo kwa bedsita yako ya Kasarani, alafu mlango ukifunguka mnatokea ushago. Na wewe uko sawa tu, unauliza kama kuna supu. Hauoni shida. Ukiwa macho ungekuwa umepiga nduru plot nzima iamke.

Sababu ni kwamba kwa REM ile sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, huwa imepunguza kazi. Hiyo ndiyo sehemu yenye huuliza maswali: hii inawezekana aje? Nimefika hapa na gari gani? Sehemu za hisia na picha ziko juu, zinawaka. Kwa hivyo uko na hofu, furaha na rangi zote, lakini msimamizi hayuko ofisini. Kwa ndoto lusidi, vipimo vimeonyesha huyo msimamizi anaamka kidogo wakati wengine wote bado wamelala. Watafiti wa Ujerumani waliona hivyo mwaka wa 2009: mwili uko kwa REM, lakini mawimbi ya sehemu ya mbele ya ubongo yanaanza kufanana kidogo na ya mtu ako macho.

Sasa fikiria meditesheni ni nini ukitoa mishumaa na miziki ya filimbi. Unakaa. Unaangalia pumzi ikiingia na ikitoka. Baada ya sekunde kumi, akili imeenda: rent, dem wako alisoma meseji hakujibu, Arsenal, deni ya Fuliza. Hujui imeenda saa ngapi. Alafu kuna ka-wakati kadogo unashtuka: ah, nilikuwa nimepotelea kwa mawazo. Unarudi kwa pumzi. Baada ya sekunde ingine kumi, tena.

Watu wengi hudhani huko kupotea ni kufeli, wanaacha siku ya tatu. Mimi naona ni kinyume. Hako ka-wakati ka kushtuka ndiko mazoezi yenyewe. Na ukikaangalia vizuri, ni kitu ile ile inafanyika kwa ndoto lusidi. Ulikuwa ndani ya stori, unaamini stori, alafu unagundua ni akili yako inaitengeneza. Mchana unasema "hii ni mawazo tu." Usiku unasema "hii ni ndoto tu." Ni misuli moja.

Wabudha wa Tibet walijua hii kitambo. Kuna mafunzo yao ya ndoto yanaitwa milam, ni moja ya zile njia sita zinazofuatishwa hadi kwa mwalimu Naropa wa India, karne ya 11. Kwao haikuwa ya kujibamba. Mchana kutwa mwanafunzi anajikumbusha kila kitu anaona ni ka ndoto, hadi hiyo tabia inamfuata usingizini. Na akishajijua huko, anafanya meditesheni ndani ya ndoto, ka njia ya kujitayarisha kwa kifo. Ni kazi ya maisha ya mtu, haiwezi ingia kwa video ya sekunde 30.

Sayansi inasema nini, bila kuongeza chumvi

Mwaka wa 2015 watafiti kadhaa waliuliza mamia ya watu kuhusu ndoto zao na vile huwa makini mchana. Wenye walikuwa makini zaidi mchana walikuwa pia wanapata ndoto lusidi zaidi. Lakini hiyo ilionekana tu kwa watu wenye walikuwa na uzoefu wa meditesheni. Kuwa tu mtu mtulivu hakukutosha.

Alafu 2019 timu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison ikafanya kitu poa zaidi. Walilinganisha watu wamemediteti kwa miaka mingi na watu hawajawahi. Wale wa miaka wakawa wanaota lusidi mara nyingi zaidi. Sawa. Lakini wakachukua watu wapya wakawapeleka kwa kozi ya wiki 8, ile ya MBSR yenye ilianzishwa na Jon Kabat-Zinn 1979, na baada ya kozi ndoto lusidi hazikuongezeka.

Soma hiyo tena. Wiki 8, kozi ya ukweli, na hakuna kitu ilibadilika kwa upande wa ndoto. Kwa hivyo ukipata msee mtandaoni anakuuzia "amka ndani ya ndoto kwa siku 7" na thao mbili, hiyo ni ganji yako inalala, si wewe. Na kuna uwezekano mwingine pia: labda watu wenye wamezaliwa na akili ya kujiangalia ndio huvutiwa na meditesheni na pia huota hivyo, na moja haijaleta ingine. Utafiti wa kulinganisha watu haiwezi maliza hiyo swali.

Mimi maoni yangu ni haya: meditesheni peke yake, pole pole, inatayarisha shamba. Haipandi mbegu. Mbegu ni nia. Ukikaa unaangalia pumzi mwaka mzima na hujawahi jali ndoto zako, hakuna sababu akili ianze kuzijali usiku.

Na kama meditesheni inakukalia ka kitu ya watu wa Karen, kuna mtafiti wa Kanada, Jayne Gackenbach, alianza na kusoma watu wa meditesheni, alafu akahamia kwa wacheza gemu za video. Mwaka wa 2006 aliandika kwamba wenye hucheza sana wanapata ndoto lusidi zaidi. Inaleta maana: wote wanafanya mazoezi ya kukaa makini ndani ya dunia si ya ukweli. Lakini kabla uonyeshe mathe hii aya ndio akuachie PlayStation, kumbuka pia kucheza hadi saa 9 usiku kunakuibia usingizi wenye ndoto zinaishi ndani.

Usingizi kwanza

Hii ndiyo sehemu watu huruka, na ndiyo ya maana kuliko zote. Usingizi huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90. Mzunguko wa kwanza, REM ni fupi, dakika chache tu. Inazidi kurefuka kila mzunguko, na ile ndefu kabisa iko karibu na kuamka. Sasa wewe umezima saa 8 usiku juu ya siriz, alamu ni saa 11 na nusu ndio usipigwe na jam ya Thika Road. Umekata sehemu yenye ndoto nyingi ziko. Huwezi jijua ndani ya ndoto hukuota.

Pombe pia inabana REM, haswa masaa ya kwanza ya usiku. Bangi nayo inapunguza REM, na ndio maana msee akiacha kuvuta anaambia watu anaota vitu za ajabu wiki nzima: ubongo unajilipa deni. Jaba sihitaji kueleza. Hulali.

Ukiwa na masaa saba ama nane, sasa tubonge venye inafanywa. Jioni kaa dakika 10, mgongo umenyooka, fuata pumzi, rudi kila ukipotea. Hakuna jina la mungu wa mtu yeyote linahitajika hapo, kwa wenye wanauliza kama hii ni dini. Ni pumzi yako. Mchana, mara kadhaa, jiulize kwa ukweli: sai naota? Usiulize ka kasuku. Angalia. Soma maandishi kwa mat iliyo mbele, geuza macho, soma tena. Ndotoni maandishi huwa yanabadilika. Ama finya pua ujaribu kupumua. Ukipumua na pua imefinywa, karibu sana, uko ndotoni.

Asubuhi, kabla ushike simu, andika ndoto. Hata ka ni sentensi moja. Baada ya wiki mbili utaona vitu zinajirudia, na hizo ndizo milango.

Alafu kuna ile ya alfajiri. Amka baada ya masaa tano hivi, kaa macho kidogo, alafu rudi kulala ukijiambia kwa nia: nikiota tena, nitakumbuka naota. Hiyo ni mbinu ya LaBerge. Watafiti wa Australia waliijaribu 2017 wakichanganya na zile za kuamka na kujiuliza, na wiki ya kwanza ilifanya kazi kwa karibu 17% ya majaribio. Kwa wenye walishikwa na usingizi ndani ya dakika 5 baada ya kurudia hayo maneno, ilipanda karibu 46%. Hapa watu wetu wengine wako mbele bila kujua. Kama wewe huamka saa 10 kuswali tahajudi, ama kupiga maombi ya alfajiri, ama daku wakati wa Ramadhani, alafu unarudi kitandani, hizo dakika za mwisho ndizo ndoto kali hukujia, na sai unajua kwa nini.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili, fees ilikataa. Kwa muda mrefu baada ya hapo ndoto yangu ilikuwa moja: niko ndani ya holi, karatasi ya mtihani ina maswali ya somo sijawahi ona, na msimamizi anakuja mstari kwa mstari akiuliza kadi ya mtihani. Sina. Naamka nimelowa jasho, na siku yote imeharibika kabla ianze. Nilikuwa nimemediteti miezi kadhaa, dakika 10 tu za jioni juu ya kitanda, wakati siku moja huyo jamaa alifika kwa dawati langu na nikaskia wazo limetulia kabisa: mimi si mwanafunzi. Nikaangalia saa ya ukutani, nikageuka, nikaangalia tena, namba zimebadilika. Nikamwambia sina kadi, nikasimama, nikatoka nje. Nje kulikuwa na jua. Hiyo tu. Bado huwa inakuja mara moja moja, lakini hainiharibii siku tena.

Mtu mmoja si ushahidi, najua. Lakini hii si kitu ya mtaani pekee. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, kwa mwongozo wake wa 2018, kiliweka tiba ya ndoto lusidi kwa zile njia zinaweza kutumiwa kwa watu wenye wanasumbuliwa na ndoto mbaya. Haiko namba moja kwa hiyo orodha, lakini iko. Kama unaota kitu mbaya ilikufanyikia kweli, ajali ama kupigwa ama mbaya zaidi, usianze na hii peke yako chumbani. Tafuta mtu wa ushauri kwanza.

Kuna pia wenye wanafaa kuiacha kabisa. Kama ushawahi kuskia sauti hazipo, ama daktari amekupatia dawa za akili, ama unakuwanga na shida ya kutofautisha ya ukweli na ya kichwani, kujizoesha kuuliza "hii ni ukweli?" mara kumi kwa siku si mchezo wako. Na kama ukikatiza usingizi kila alfajiri unashinda ukisinzia kazini, hiyo ya kuamka iache, haswa ka unaendesha nduthi.

Jinamizi nalo litakutembelea labda. Unafungua macho, chumba unakiona, mwili haujongei, kuna uzito kifuani, na mathe ameshasema ni majini. Ni ile kuzimwa kwa misuli ya REM imechelewa kuondoka wakati akili imeshaamka. Inatisha sana lakini inaisha, mara nyingi kwa sekunde ama dakika chache. Usipigane nayo. Rudi kwa pumzi vile hufanya jioni, jaribu kusongesha kidole kimoja cha mguu.

Na siku ile itashika, kitu ya kwanza itakufanyikia ni furaha kubwa, na hiyo furaha itakuamsha. Wengi mara ya kwanza hudumu sekunde chache tu. Hapa meditesheni inakusaidia mara ya pili, ju umejifunza kuona kitu kali bila kurukaruka. Tulia. Sugua mikono yako ya ndotoni, uskie ngozi. Angalia chini, alafu kitu kilicho karibu, alafu kingine. Usianze na kuruka. Na ikikutoka ukajipata kitandani, usijongee na usifungue macho, ju mara nyingi ndoto bado iko hapo karibu na unaeza rudi ndani.